Mizani ya Ghala na Ngumi za Nchi Tatu

Ofisa utamaduni alinikuta ghalani asubuhi nikipanga magunia ya maharage. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanikabidhi daftari jipya na kalamu mbili. Alitaka historia. Wanataka kuzifufua zile ngumi za ridhaa za nchi tatu zilizokuwa zikipigwa hapa Kanazi zamani, na siku ya ufunguzi lazima mtu asimame asome historia fupi mbele ya wageni wa Burundi na Rwanda.

"Kurasa mbili tu, baba," alisema. "Usije ukatuandikia kitabu."

Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati walimu wamejaa wilaya nzima. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linawaka.

"Si wewe ndiye bingwa wa mwisho?"

Bingwa wa mwisho. Nimeitwa hivyo harusini na msibani, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka leo zimekuwa nyeupe zote. Watoto wa Kirushya wakinipita njiani hunikunjia ngumi kwa utani, nami huwakunjia ya kwangu. Hawajui kwamba kila nikiitwa hivyo roho inaniuma, na aliyenisababishia maumivu hayo sina wa kumtaja ila mimi mwenyewe na ulimi wangu. Nilipokea daftari. Nikamwambia aje baada ya wiki mbili.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwepesi. Mashindano yale hayakuanzishwa na serikali wala chama. Yalianzishwa na penalti. Timu ya walimu wetu ilicheza mpira na timu ya watu wa forodha wa upande wa Burundi, refa akatoa penalti dakika za mwisho, na kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka mpira uko wapi. Watu walipigana mpaka wachezaji wawili wakavunjika pua. Jioni, kwa aibu, wakakaa pamoja na mtungi wa pombe ya ndizi katikati, na mwalimu mmoja wa kwetu akamwambia ofisa mmoja wa forodha wa kwao: kama mikono inawasha kiasi hiki, tutafute glovu. Wakacheka, lakini waliamka na wazo lile lile.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya maharage, ulingo wa kwanza ukasimamishwa kwenye uwanja wa ghala la mazao. Nguzo nne za mkaratusi. Kamba alitoa mfanyabiashara mmoja wa mjini Ngara, wa ukoo uliotoka pwani siku nyingi, ambaye pia ndiye aliyeshika saa, kwa sababu saa yake ya mkononi ilikuwa haipotezi dakika na alijivunia hilo kuliko duka lake. Chini walimwaga makapi ya kahawa, juu yake wakatandika turubai. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikigongwa kwa chuma. Glovu zilikuwa jozi nne. Aliyemaliza pambano alizivua zikiwa zimelowa jasho lake, anayefuata akazivaa hivyo hivyo, na ukilalamika watu wanakuzomea. Mwaka wa tatu Wanyarwanda nao wakaja. Vijana wa Biharamulo walikuwa wakifika juu ya lori la mbao, wamejaa vumbi mpaka kope, wakiimba nyimbo za Kisubi ambazo sisi Wahangaza tulikuwa tunajifanya hatuzielewi.

Hakukuwa na kikombe wala zawadi. Kulikuwa na kanuni moja, nayo haikuandikwa popote. Ukimshinda mtu unampeleka kwenu, na atakula kwenu na kulala kwenu siku tatu, mpaka wenzake watakapovuka mpaka kurudi. Ilianza mwaka ule wa kwanza. Nyumba ya wageni haikuwepo, na bondia mmoja wa Burundi alikaa chini ya ukuta wa ghala, jicho limevimba, hajui aende wapi. Aliyempiga akamwonea huruma, akamshika mkono, akampeleka kwa mama yake. Kuanzia hapo ikawa sheria. Wa kwao wakituchapa na sisi tukaenda kwao, ilikuwa vile vile. Kwa hiyo mama zetu walikuwa wanatuombea ushindi wakiwa na wasiwasi. Mama yangu alikuwa akianza kuhesabu mikungu ya ndizi shambani, ndipo anapiga ishara ya msalaba.

Hayo yote niliyaandika asubuhi moja, kwenye meza ya ghala, nikicheka peke yangu. Nimeyatamani sana yale makapi ya kahawa chini ya miguu, yalivyokuwa yanabonyea. Nimetamani ile harufu ya mkaratusi mbichi na jasho la watu wengine ndani ya glovu. Kuna siku napita pale uwanjani, ambapo sasa pikipiki zinaegeshwa, na nasimama tu.

Ukurasa wa pili ndio ulionishinda kwa siku tisa.

Lazima nieleze mizani. Mabondia walipimwa uzito kila upande kwao, kabla ya safari. Hilo liliamuliwa kwa heshima. Ilionekana ni aibu kumpima mtu aliyetembea siku nzima, halafu umwambie amezidi kilo moja, arudi. Wao walipimwa kwenye zahanati ya kwao, wakaja na karatasi zenye mhuri. Sisi tulipimwa hapa hapa ghalani, kwenye mizani kubwa ya chuma ya magunia. Unapanda kwenye bamba, karani anasogeza kijiwe, anasoma, anaandika.

Na mizani ile ilikuwa inakula. Ndivyo tulivyosema, inakula. Ukiweka gunia la kilo sitini na tatu, inakuonyesha sitini. Sijui kama ni uzee wa chuma au mkono wa mtu, na waliokuwepo kabla yangu nao hawakujua. Zamani watu waligomba, baadaye wakachoka, na mwisho wakazoea. Ukiwa unapeleka maharage, unapima nyumbani, unaongeza bakuli tatu zilizojaa, unafunga gunia, basi. Mimi nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba duniani kuna kilo za aina mbili, kilo za nyumbani na kilo za ghala.

Sasa sikilizeni maajabu. Miaka yote ile, walimu wenye vyeti, padri, mfanyabiashara na saa yake, sisi mabondia wenyewe ambao tumebeba magunia kwenda pale tangu tukiwa na meno ya utoto, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mizani inayokula maharage inakula na watu. Maharage yalikuwa maharage, ngumi zilikuwa ngumi. Kila bondia wetu alipanda ulingoni na kilo tatu ambazo hazikuandikwa, na wageni wakawa wanashindwa zaidi ya ilivyostahili, na sisi tukawa tunasema ni ndizi za kwetu, ni vilima vya kwetu vinavyokomaza miguu. Tulijisifu mpaka tukapitiliza.

Mwaka wa mwisho, ambao hatukujua kwamba ni wa mwisho, mimi nilikutana na fundi mwashi kutoka upande wa pili, Burundi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono mirefu yenye mabaka ya saruji, na alipigana kwa mkono wa kushoto. Raundi ya kwanza sikumwona. Narudia, sikumwona. Nilikuwa nahisi ngumi zikifika usoni bila kujua zinatoka wapi. Raundi ya pili nikapata akili ya kumsogelea na kumlalia kwenye kamba, nikimwegemea kwa uzito wangu wote. Raundi ya tatu alikuwa amechoka kunibeba. Nilimpiga tumboni mara tatu au nne, rimu ikagongwa, nikapewa ushindi kwa pointi.

Alinikumbatia huku anahema. "Una mifupa ya ng'ombe, mugenzi," alisema, ndivyo wanavyomwita rafiki kwao. Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona dunia nzima imetosha kwenye mfuko wangu wa kaptula.

Tukashuka pamoja mpaka nyumbani Kirushya, mimi nimembebea furushi lake. Mama alimpokea kwa Kihangaza, naye akajibu kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu hakuna aliyehitaji mkalimani. Siku ya kwanza alikula akalala. Siku ya pili aliamka mapema, akaangalia mafiga matatu ya mama na moshi ulivyokuwa unamtoa machozi, akaomba udongo na matofali mabovu yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Mpaka jua linatua alikuwa amejenga jiko lenye tundu la kutolea moshi. Mama alilizunguka lile jiko kama mtu aliyeletewa ng'ombe. Baba yangu alikuwa ameshafariki wakati huo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimwone mama akiimba huku anamenya ndizi. Walikaa wawili wakimenya, fundi na mama yangu, wakinicheka mimi na pua yangu iliyovimba. Nilimpenda yule mtu. Sina sababu ya kuzunguka. Sikuwa na kaka, na kwa siku tatu nilikuwa naye.

Siku ya tatu tulikuwa na gunia la kupeleka ghalani. Akasema atanisaidia kubeba, maana baada ya hapo angeungana na wenzake waondoke. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akanipigia kelele, kama alivyokuwa akinipigia kila msimu:

"Umeongeza bakuli tatu? Mizani ile inakula!"

"Nimeongeza, mama."

Tukatembea. Tulipokaribia ghala yule fundi akauliza taratibu, kwa Kiswahili, kama mtu anayeuliza njia, "Mizani gani inakula?"

Nikamjibu bila kufikiri. Mizani ya ghala, inakula kilo tatu, hata mtoto anajua. Maneno yakiwa bado mdomoni nikaona uso wake. Hakukasirika. Alitazama tu ile mizani, iliyokuwa mlangoni inaonekana vizuri kabisa, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni mpaka mabegani, kama fundi anayetazama ukuta. Na mimi hapo hapo nikajua. Mambo ya miaka yote yalinijia kichwani kwa mkupuo mmoja.

Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kusema, kumbe! Tungecheka wote wawili. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, nimezaliwa nazo, na aibu ikinipata hujigeuza hasira kabla sijaijua. Nikamwambia, "Umeshindwa, umeshindwa. Usitafute visingizio."

"Mimi sijasema kitu, mugenzi," alijibu.

Na kweli hakuwa amesema kitu. Alinisaidia kupandisha gunia kwenye bamba. Likasoma sawasawa na tulivyotarajia, pungufu ya kilo tatu. Wenzake walikuwa wanamwita. Akanipa mkono na kuniambia, "Mwakani nipimwe hapa hapa kwenu, na mimi nile kidogo," akatabasamu. Alikuwa ananifungulia mlango, alikuwa ananipa nafasi nyingine ya kucheka. Nikamjibu, "Mwakani nitakupiga tena." Sikumwangalia. Nilikuwa nafunga mdomo wa gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Hakukuwa na mwakani. Kwao vita ikaanza, na watu wakavuka mpaka kwa makundi, wamebeba magodoro na watoto na kuku. Wilaya yetu ikajaa kambi. Mimi nilizunguka kambi hizo nikiuliza habari za fundi mwashi mrefu, mkono wa kushoto, bondia. Niliuliza kwenye foleni za maji na za unga. Watu walinitazama kwa uchovu. Wao walikuwa wanatafuta mama zao. Mama yangu kila nikirudi aliuliza neno lile lile, "Yule mtoto wangu wa jiko, hujamwona?" Mwisho nikaacha kuuliza. Watu hudhani nilikata tamaa, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na jibu moja nililoliogopa, na maadamu sikuuliza, mtu wangu alikuwa hai.

Mama alipikia kwenye jiko lile mpaka alipofariki. Lipo hadi leo, nimelipaka udongo upya mara nyingi. Mimi nikawa mtunza ghala. Ilipokuja mizani mpya, ya umeme na namba nyekundu, wanunuzi wa chuma chakavu waliitaka ile ya zamani, nikawafukuza. Ipo kwenye kona, nimeiwekea magunia matupu juu. Ofisini wanadhani nailinda kama kumbukumbu ya ubingwa.

Baada ya siku tisa nikaandika ukurasa wa pili. Nikaandika mizani, nikaandika bakuli tatu, nikaandika kwamba pambano la mwisho kwa haki halikuwa langu. Nikataja jina la fundi na kijiji alichosema anatoka.

Ofisa utamaduni alirudi, akasoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza alicheka. Wa pili akakaa chini kwenye gunia.

"Baba, hii ya mizani tuitoe."

"Kwa nini?"

"Wageni watatucheka."

"Wacheke. Wamepigwa miaka yote ile, hata kucheka tuwanyime?"

"Lakini wewe ndiye tuliyekuandalia kiti cha mbele. Ukisoma hivi hutakuwa bingwa tena."

"Sasa umenielewa," nikamwambia, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Nikamwomba radhi. Yeye ni mtoto mzuri, anafanya kazi yake. Akaondoka na daftari akisema atafikiria.

Mimi sikumsubiri afikirie. Nilikuwa nimenakili kurasa zile mbili, na soko lililofuata nikampa nakala mama mmoja wa upande wa pili anayetuletea mawese. Nilimweleza ni nani ninayemtafuta. Yule mama akaikunja karatasi vizuri na kuiweka ndani ya kitenge, mahali anapoweka vitu vyake vya maana. Akaniambia kijiji hicho si njia yake, lakini atauliza.

Soko moja likapita hajaja. La pili akaja bila habari. Nilikuwa mkali kwa kila mtu wiki hizo, hata kwa mizani ya umeme. Soko la tatu nilimwona kwa mbali anashusha madumu yake, na kabla hajanisalimia alikuwa anacheka.

"Rafiki yako ni mzima," alisema. "Ana kitambi, na goti moja limekufa. Ana wajukuu. Karatasi yako wameisoma mbele ya watu, kwenye baraza la nyumba yake, mara mbili."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye vumbi, bingwa mzima. Yule mama akaona vyema asinitazame usoni, akaendelea kupanga madumu huku anatoa salamu zilizobaki. Fundi alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama jiko bado linatoa moshi vizuri. Akaambiwa mama amefariki, maana nililiandika hilo pia.

"Halafu akanipa ujumbe," alisema yule mama, "akanirudisha niseme tena mpaka aone nimeushika. Amesema hivi. Kama mizani ilikula, basi yeye ndiye aliyeshinda. Na kama yeye ndiye aliyeshinda, wewe unaijua kanuni. Siku zako tatu zipo kwake, hujazilala bado. Uje."

Ofisa utamaduni amenitumia salamu kwamba historia itasomwa yote, kurasa zote mbili, na kwamba kiti changu kimebaki pale pale mbele. Nimemshukuru. Nitarudi kabla ya ufunguzi, nikijaliwa, na sitarudi peke yangu kama goti la mtu litakubali safari.

Navuka Jumatatu. Jana nimempimia maharage ya zawadi, kilo ishirini kamili kwenye mizani mpya, ambayo haijawahi kula hata punje ya mtu. Kisha nikachukua bakuli la mama, nikaongeza tatu zilizojaa, nikafunga gunia.